Mwaka wa Kukanyaga Mafuta

Gari likiingia uani kwangu hapa Kitale kufungwa muziki, mwenye gari huanza na spika. Anataka besi ya kutikisa kifua, besi ya kumfanya jirani afunge dirisha. Ananionyesha picha kwenye simu, ananitajia gari la rafiki yake ambalo lazima alishinde. Namwacha amalize. Halafu nafungua boneti, naelekeza kidole kwenye alteneta, kile chombo kinachozungushwa na injini ili gari lipate umeme, na kumwuliza: "Na huyu, umemwuliza kama ataweza?" Wengi hucheka. Vijana ninaofanya nao kazi wameikariri hotuba hiyo. Nikiwapa kisogo wananiita Mama Alteneta, na mimi hujifanya sisikii. Mwezi uliopita nilikuwa katikati ya hotuba yenyewe simu ilipolia. Sauti ya msichana, Kiswahili cha Lodwar. "Mama Bilha? Mimi Akiru, mtoto ya Ekal, ile dereva. Baba ametuacha jana. Alikuwa anasema siku hiyo ikifika, wewe uambiwe." Niliketi juu ya tairi kuukuu nikalia mbele ya mteja bila haya. Mteja alidhani nimefiwa na ndugu, na sikumsahihisha.

Ekal hakuwa ndugu yangu. Tulifanya kazi kwenye gari moja kuanzia katikati ya mwaka 2012 hadi baada ya uchaguzi wa 2013, na tulipoachana nilikuwa nimemkasirikia hata nikashindwa kumuaga. Habari za kwetu nitaziruka. Inatosha kusema kwamba nilipoondoka niliaga mtaa mzima, na mtaa mzima ulijua ninakwenda kushika maiki. Kampuni ndogo ya matangazo ilikuwa imenisikia nikiongoza sherehe ya harusi Eldoret, ikanichukua niwe sauti ya sabuni mpya Turkana. Sabuni hiyo ilisifiwa kwamba inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi ya visima vya kule, na mimi nilikuwa nimeyashika maneno yake yote, mpaka mahali pa kucheka. Tulikuwa watatu. Tito, kiongozi wetu, kijana wa Nairobi mwenye kaptula ya mifuko mingi na maneno matamu kwa kila mtu. Ekal, dereva, mwenyeji wa Lodwar, mrefu na mkimya, anayejulikana na kila chifu na kila mwenye kioski njia nzima hadi Lokichoggio. Na mimi, sauti. Gari letu lilikuwa pikapu ya dizeli iliyofungwa mgongoni spika za besi zenye ukubwa wa makabati, na amplifaya mbili za kuziendesha. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo Ekal alibeba jiwe la kuzuia gurudumu, jiwe jeusi la mviringo, ambalo kwenye uwanja tambarare halikuwa na kazi na lilikaa sakafuni mbele ya kiti. Siku ya kwanza nilipoingia nililisukuma kando kwa kiatu.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye uwanja karibu na soko la Lodwar. Nilivaa fulana ya kampuni, nikapaka rangi ya mdomo. Ulikuwa msimu wa kampeni. Magari ya wanasiasa yalipita yakinguruma, na Tito hakutaka kushindwa nayo. Alipandisha besi mpaka vumbi likawa linacheza juu ya boneti. Nikashika maiki, nikasema, "Watu wa Lodwar!" na kabla sijafika kwenye sabuni taa za mbele zikaanza kufifia na kuwaka, kufifia na kuwaka, kwa kila pigo la besi, kisha amplifaya zikajizima zenyewe. Watoto wakacheka. Ekal akaruka ndani ya gari akakanyaga mafuta, injini ikapandisha sauti, muziki ukarudi. Akaachia, ukafa. Akakanyaga, ukafufuka. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo leo ninawaeleza wateja bure. Gari likisimama na injini ikizunguka polepole, alteneta nayo huzunguka polepole, ikatoa umeme kidogo. Pigo la besi linataka umeme mwingi mara moja, na linauchota kwenye betri. Kati ya pigo na pigo, alteneta inapaswa kurudisha kilichochotwa. Isipowahi, betri inashuka, taa zinafifia, na amplifaya inajifunga isije ikaungua. Ukikanyaga mafuta, alteneta inawahi. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu akae akanyage. Tito ndiye aliyejua vile vitufe vya muziki. Ekal ilimbidi azunguke kwenye umati, aongee na wazee kwa Kiturkana, awaweke watoto mbali na nyaya. Tito akanitazama. "Bilha, dadangu, ni ya leo tu," akasema. "Kesho tunatafuta form ingine." Akachukua maiki yeye mwenyewe.

Ya leo tu ikawa ya wiki, ya wiki ikawa ya mwezi. Sijui niieleze vipi kebini ile kwa mtu ambaye hajakaa kwenye gari lililosimama juani Turkana. Kiti kilikuwa cha plastiki iliyopasuka, na mipasuko iliniuma mapajani. Dirisha nilifunga nikachemka, au nilifungua nikala vumbi. Pikapu iliegeshwa mgongo kwa watu, kwa hiyo mbele yangu palikuwa na ukuta wa duka, au ua wa miiba, au ngamia wa mtu, na onyesho lote niliona kwenye kioo cha pembeni: nusu ya Tito, mkono wake wenye maiki, na nyuso za watu wanaomtazama. Wimbo wenyewe nilikuwa siusikii vizuri. Nilisikia bati likitetemeka, funguo zikigongana, meno yangu. Lakini mtu hawezi kukaa bure hata kwenye jela, na mimi nikajifunza nyimbo zetu zote kwa mguu. Ukisubiri pigo lije ndipo ukanyage, umechelewa, taa zimeshafifia. Inabidi ukanyage kabla kidogo, wakati besi bado inavuta pumzi, na Tito akianza kuongea uachie kidogo injini ipoe. Baada ya miezi michache taa hazikufifia tena nikiwa ndani. Nilijiona fundi, na kwa kweli nilikuwa fundi. Kila baada ya onyesho nilimwuliza Tito swali lilelile, nitashika maiki lini, naye alinijibu, "Iko njiani, Bilha," na kunipa soda ya moto.

Njia aliyoitafuta Tito ilikuwa betri ya pili. Ekal alizipa zote mbili majina ya rangi zake, jinsi mtu wa kwao anavyomtaja ng'ombe: yenye kasha jeupe ikawa Lokwang, na nyeusi ikawa Lokirion. Alizifunika kwa gunia wakati wa joto na aliziongelesha. "Mbuzi moja maziwa moja, mbuzi mbili maziwa mbili," aliniambia akikaza nati, na sisi sote tulimwamini, maana siku za mwanzo besi ilipiga vizuri na mguu wangu ulipumzika. Halafu mambo yakawa mabaya kuliko kwanza. Jibu nililipata kwenye foleni ya maji Nawoitorong, tulikokuwa tumepanga. Bomba lilikuwa moja, linatoa maji membamba kama uzi, na mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameleta madumu ya majirani zake wote. Nikawa nimekasirika, nataka kumwambia kwamba wingi wa madumu hauongezi maji, mara nikakumbuka Lokwang na Lokirion. Betri ni madumu. Alteneta ndiyo bomba, na bomba letu lilikuwa lilelile, sasa lina midomo miwili ya kujaza. Tito aliwahi kuleta na kapasita kutoka Kitale, kichupa kinene cha kuhifadhi umeme. Hicho nacho kilikuwa kikombe tu cha kuchotea haraka. Juu ya hayo, maji ya betri yalipokosekana madukani Ekal alizinywesha maji ya kisima. Aliona vibaya kuziacha na kiu wakati sisi tunakunywa. Ni maji yaleyale ya chumvi yanayoua povu la sabuni, na yaliua betri pia. Kufikia mwisho wa mwaka, gari likizimwa halikuwaka tena bila watu kusukuma.

Basi sheria mpya ikawa gari lisizimwe. Asubuhi tukishalisukuma likawaka, liliwaka mpaka tufike tunakolala. Na gari linalowaka haliachwi peke yake, na wa kubaki nalo alijulikana. Tulikuwa tukienda Kakuma kwa msafara pamoja na malori na polisi mbele, tukifika tunaegesha karibu na hoteli ya Wahabeshi ndani ya kambi ya wakimbizi, na wenzangu wanashuka kula. Nilipitishiwa sahani dirishani. Nimekula injera na mchuzi wa pilipili nikiwa nimeshika sahani juu ya usukani. Nimekula samaki mkavu wa ziwani, nimekula mbuzi wa kuchemsha, yote nikiwa na mguu kwenye pedeli ili betri zipate chaji, nikisikia nyuma yangu watu wakicheka mezani. Mazungumzo mengi ya mwaka ule niliyasikia hivyo, nusunusu, kupitia dirisha. Wasomali wakibishana bei ya ng'ombe, Wakongo wakisalimiana kwa Kiswahili chao laini kilichochanganyika na Kifaransa, vijana wa kambini wakiongea Sheng safi kuliko ya Tito ingawa Nairobi hawajaiona. Nikajifunza salamu za watu ambao sikuwahi kuwapa mkono.

Huko ndiko tulikompata Lado. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, kijana wa umri wangu aliyekulia kambini na kuongoza kwaya ya vijana kanisani kwao. Tito alichoka kusema Kiswahili peke yake mbele ya watu wa lugha kumi, akampa Lado maiki. Nakiri kwamba kwanza nilimchukia. Nilimwona kwenye kioo akipokea kile kitu changu, nikakanyaga mafuta kwa hasira hadi mkanda wa injini ukalia. Lakini Lado alikuwa mtu wa kwanza aliyekuja dirishani bila sahani. "Ita kwes?" aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba, hujambo, akaegemea mlango. "Wanasema wewe ndio mwenye maiki, mimi nimekalia kiti yako."

"Kiti changu ni hiki," nikamjibu.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nikitaka kwenda Lodwar tu hapo, lazima nipate ruhusa. Nikikosa, polisi kwa kizuizi wananirudisha. Watu wanadhani mimi ni huru kwa sababu naruka jukwaani." Akapiga bati la mlango taratibu. "Sabur, ya ukti. Siku moja nitakuita juu. Mbele ya watu wote. Watakataa vipi?" Alisema uvumilivu, alisema dada yangu, na mimi nilitaka sana kumwamini. Tangu siku hiyo kila onyesho nililisikiliza nikingoja jina langu.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejilaza chumbani Nawoitorong. Kuta za vyumba vile hazikufika kwenye bati; zilikuwa zimeishia njiani ili upepo upite, na kila neno lilipita na upepo. Upande wa pili Tito alikuwa akiongea na bosi wetu wa Eldoret, simu ikiwa kwenye spika. Walianza na habari za wageni watakaokuja kutoka Nairobi kwa onyesho la mwisho Kakuma. Kisha Tito akasema amepata fundi mwenye alteneta kubwa, ingefaa ifungwe kabla ya siku hiyo. "Alteneta ya nini?" bosi akauliza. "Si huyo msichana anakanyaga?"

"Anakanyaga, bosi. Anakanyaga fiti sana."

"Basi."

"Lakini nilikuwa nimemwahidi maiki."

"Mwahidi tena," bosi akasema, wakacheka wote wawili, halafu wakaingia kwenye mambo ya mpira. Nilitazama bati juu yangu lililokuwa likipasuka kwa joto. Sikulia. Nilijisikia mjinga, na ujinga huo uliniwasha mwili mzima. Mwaka mzima nilidhani ninangoja wapate suluhisho, kumbe suluhisho lilikuwa limepatikana siku ya kwanza, na ni mimi.

Watu nikiwasimulia huniuliza kwa nini sikupanda basi kesho yake. Hata leo naona vigumu kuwajibu. Mabasi yalikuwepo, na nauli nilikuwa nayo. Tatizo lilikuwa simu za nyumbani. Mama alikuwa akinipigia baada ya kanisa, na kwanza alinipitisha kwa majirani waliokuwa wamekaa naye. "Tunasikia sauti yako inafika mpaka Sudan!" jirani mmoja aliniambia, na mimi nikasema ndiyo, inafika. Mama akauliza kama koo halinisumbui kwa kupiga kelele, nikasema ninakunywa maji ya tangawizi. Ningerudi niseme nini? Kwamba nilikwenda Turkana kuwa mguu? Nilikuwa nimejifungia kwa maneno yangu mwenyewe, na ufunguo wake ulikuwa ile maiki tu. Nikishaishika hata mara moja mbele ya watu, nitakuwa sijasema uongo, na nitaweza kurudi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipiga hesabu. Ekal alinikuta siku moja nimeinamia usukani akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Ninataka maiki, Ekal. Hiyo tu." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea ujumbe, akaenda kuwafunika Lokwang na Lokirion.

Siku ya onyesho la mwisho Kakuma ilijaa watu kwa wingi ambao sijawahi kuuona tena. Wakimbizi kutoka kambini, Waturkana kutoka vijiji vya jirani na shanga zao za rangi zote, watumishi wa serikali waliotoka ofisini mapema, na chini ya hema wageni wa Nairobi wenye miwani ya jua na chupa za maji. Tulianza jua lilipolegea. Tito alikuwa amepandisha besi kuliko siku zote. Nilikanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Geji ya chaji ilisimama mahali pake, na kwenye kioo niliona vijana wa Kiturkana wakiruka wima pamoja, miguu ikitua chini kwa pigo moja na besi yetu. Kisha Lado akainua mkono, akamwambia Tito apunguze wimbo lakini asiukate. "Kakuma!" akaita. "Iko mtu mmoja hamjawahi kuona. Hii muziki yote yeye ndiye analeta. Bilha! Bilha, kuja juu!"

Niliganda. Watu walichukua jina langu wakalipiga mara mbili, mara tatu. Kwenye kioo niliiona maiki ikinyooshwa kuelekea upande wangu, na mguu wangu ulikuwa kwenye pedeli. Nikitoka, inakufa. Maiki niliyoingoja mwaka mzima ilikuwa inawaka kwa sababu mimi sijaishika. Nilijikuta nikicheka, kicheko cha ajabu kidogo, peke yangu mle ndani. Kisha nikatoa mguu. Nikafungua mlango nikashuka.

Ganzi ilinifanya nichechemee. Injini ilishusha sauti, besi ikapiga mara moja, mara mbili, taa za mbele zikafifia, na kila kitu kikakatika nilipokuwa nimefika nusu ya njia kwenda jukwaani. Wageni walisimama hemani. Nilimwona Tito akiruka kutoka kwenye vitufe vyake kuja upande wangu, uso umebadilika, na nilijua anakuja kunirudisha ndani kwa mkono. Nilimwona pia Ekal. Alikuwa karibu na mlango kuliko wote. Alitutazama, mimi kisha Tito, akainama ndani ya kebini kama anayetafuta kiatu, na injini ikanguruma juu. Ikabaki juu. Ekal akatoa mwili wake wote nje ya gari, akafunga mlango, na injini iliendelea kunguruma bila mtu. Amplifaya zikajifungua. Muziki ukarudi, besi ikapiga kifuani kwangu kutoka mbele kwa mara ya kwanza, na ilikuwa nzuri mno, sikuwa nikijua.

Lado alinivuta juu akanipa maiki. Maneno ya sabuni yalinitoka yote. Nikasema, "Ejok!" na Waturkana wakanijibu kwa sauti moja, "Ejok noi!" Nikasalimia kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kifaransa cha Wakongo, salamu zote nilizookota dirishani, na kila upande ulinijibu ukishangilia. "Mimi ndiye ninakaa ndani ya gari," nikawaambia. Wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Nikacheka nao, na ndipo sabuni ikanirudia, nikaieleza kwa Kiswahili cha pale, maji ya chumvi na povu na yote, na wanawake wa mbele walikuwa wakiitikia kila sentensi. Nilikuwa mzuri. Nasema bila kujificha, nilikuwa mzuri sana. Lakini katikati ya hayo nilimwona Tito amesimama dirishani mwa pikapu, akitazama ndani. Alikuwa akilitazama jiwe; nililiona mwenyewe niliposhuka. Lilikuwa limekaa juu ya pedeli ya mafuta, lile jiwe jeusi la kuzuia gurudumu, na taa za gari zilikuwa zinawaka vilevile. Hakuna mtu uwanjani aliyesikia tofauti yoyote.

Wiki ileile niliambiwa kazi imepungua, asante sana, nitaitwa. Lado alikuja kuniaga dirishani kwa mara ya mwisho, akanishika mkono akasema mimi ndiye wa kwanza kutoka. Ekal alinipeleka kwenye mabasi Lodwar. Aliposhusha begi langu, nikashindwa kujizuia.

"Hilo jiwe lilikuwa hapo siku zote."

"Ilikuwa."

"Ulijua lingeweza?"

"Mimi ni dereva, Bilha."

"Basi mbona hukuliweka? Mwaka mzima, Ekal! Mwaka mzima nimepikwa mle ndani!"

Aliangalia watu waliokuwa wakifunga mbuzi juu ya basi. "Ningeweka siku ya kwanza," akasema, "wewe ungepandishwa hii basi siku ya pili. Maiki Tito alishachukua. Wewe ulibaki na kazi gani? Mguu tu. Nikiweka jiwe, nimekunyang'anya mguu pia."

"Mimi nilitaka kurudi nyumbani!"

"Hukusema hivyo. Kila siku ulisema maiki." Akaninyooshea begi. "Nyumbani hakuna maiki. Nikasema, akae. Akae mpaka apate. Na umepata."

Nilipanda basi nikaketi upande mwingine ili nisimwone. Nilisikia akigonga bati mara mbili kwa kiganja, jinsi alivyokuwa akigonga mlango wangu onyesho likiisha. Njia nzima hadi Kitale nilikuwa nikimtukana moyoni. Kisha miaka ikaja na mambo yake, nikaanza biashara ya muziki wa magari kwa kile tu nilichokijua vizuri, na Krismasi moja nikampigia. Tangu hapo tulipigiana kila Krismasi, tukaulizana watoto na mvua. Jiwe hatukulitaja kamwe. Mpaka leo sijui kama alinifungia au alinihifadhi, na siku nyingine naona alifanya yote mawili kwa mkono mmoja.

Nilikwenda kumzika. Barabara ya Lodwar sasa ni lami, na nilifika kabla sijawa tayari kufika. Akiru alinipokea, mrefu kama baba yake. Watu walikuwa wengi, wachungaji wawili, na kaburi lilikuwa limechimbwa pembeni mwa boma, mawe ya kulifunika yakiwa yamekusanywa tayari, makubwa kwa madogo. Kando ya hema palikuwa na pikapu ya kukodi yenye spika mgongoni, ikipiga nyimbo za maziko, na besi yake ilikuwa nzito kupita kiasi kwa msiba. Nikaenda mbele yake kwa mazoea tu, kutazama taa. Hazikuwa zinafifia. Nikainua macho. Ndani ya kebini kulikuwa na msichana mwenye kitambaa kichwani, jasho linamtiririka, anakanyaga.

Nilisimama pale na yale mawe yote yakiwa nyuma yangu. Ningeweza kuokota moja. Nilifungua mlango nikamwuliza anataka nini. Alishtuka, akadhani amekosea. Nikamwuliza tena, polepole, yeye mwenyewe anataka nini. "Nimeona wanagawa chakula," akasema. "Lakini nikishuka inazima."

Nikamwambia ashuke akale, asiharakishe, na kazi yake ataikuta. Nikavua viatu nikaingia. Kiti kilikuwa cha moto. Kwenye kioo cha pembeni niliwaona wakilishusha sanduku la Ekal, nusu ya mchungaji, mkono wa Akiru wenye udongo. Wimbo nilikuwa siujui, lakini besi nilisikia inavuta pumzi, na mguu ukatangulia kidogo. Nilikanyaga mpaka wakaweka jiwe la mwisho. Taa za mbele hazikufifia hata mara moja.